Pampu ya dizeli ya Canter iko kwa fundi, niongeze na nguvu hapohapo?

Vitunguu_Eyasi: Wakuu, habari za jioni. Nina Canter, injini 4D33 isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi. Asubuhi inasumbua kuwaka, na wiki iliyopita ilinizimikia mlima wa Mto wa Mbu nikiwa na mzigo. Pampu imeshushwa, iko kwa fundi hapa Arusha. Anasema akibadilisha plunja (vile vyuma vya ndani ya pampu vinavyosukuma dizeli) na nozeli zinazoipuliza kwenye injini, ataifungua pampu itoe dizeli zaidi kidogo, gari lipate nguvu. Gari hili ndilo linalonilisha. Nimruhusu?

FundiNozeli: Plunja hazifi bure. Nini kiliziua?

Vitunguu_Eyasi: Uzee tu, mkuu.

MamaMizigo: Mwanangu, angalia dereva kwanza. Wangu alikuwa anauza dizeli njiani, mimi nahangaika kubadilisha mafundi.

Babu_Kitonga: Mimi nilifunguliwa dizeli. Siku mbili najiona bingwa, nyuma moshi kama tanuri la mkaa. Kwenye mlima wa Kitonga pistoni ikatoboka. Nililala pale siku mbili na shehena ya nyanya, zinaoza nazinusa. Kijana, acha tamaa.

FundiNozeli: Bila tabo, hewa ni ileile. Huku kwetu, mita kama 1,400 juu ya bahari, imeshapungua karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Ukizidisha dizeli unapata moshi na joto, nguvu kiduchu. Pampu ipimwe kwenye mashine, kila silinda ipate sawa, kwa kipimo cha kiwandani. Nozeli nzima inapuliza ukungu. Ikidondosha matone, matone hayo ndiyo yanayotoboa pistoni. Sasa nijibu: dizeli unanunua wapi?

Vitunguu_Eyasi: Sawa, niseme. Ya madumu, njiani. Kichungi kilitoa maji kama nusu glasi na utelezi wa kahawia. Lakini wote wa njia ile tunanunua hapo, na magari yao yanatembea. Halafu fundi nimeshamtangulizia laki nne, tabo ya mtumba ameshaagiza.

FundiNozeli: Kumbe na tabo! Mbona hukuitaja? Plunja inalainishwa na dizeli yenyewe. Maji yanaikwangua na kuitia kutu. Hapo tatizo lako halijawahi kuwa nguvu.

Mtu_wa_Karatu: Wakuu, tunachezewa. Jina lake ni la vitunguu vya Eyasi, na hivyo vinatoka Mang'ola kwenda Arusha. Mlima wa Mto wa Mbu mwenye vitunguu anaushuka. Huyu anapanda na mzigo gani? Hadithi ya kutunga hii.

MamaMizigo: Hata mimi nilishangaa.

Vitunguu_Eyasi: Narudi na saruji na mbolea za maduka ya Karatu. Gari tupu halilipi mkopo! Na hivyo vitunguu, Mang'ola hadi Karatu si kupanda? Chupa ya dizeli niliyoikinga chini ya tanki hiyo hapo kwenye picha.

Mtu_wa_Karatu: Nimeiona. Dizeli juu, maji chini, kutu imelala kwenye kitako. Samahani sana, mkuu. Tanki umeliosha?

Vitunguu_Eyasi: Bado. Fundi hakulitaja.

FundiNozeli: Basi pampu ikirudi itakunywa uchafu uleule. Shusha tanki, lioshwe, badilisha kichungi, weka na kitenga maji. Hiyo tabo mzuie leo.

Vitunguu_Eyasi: Simu yake haipokelewi. Kesho saa moja asubuhi niko getini kwake. Tanki naanza kulishusha sasa hivi.