Mume yuko nyumbani, mbona moyo bado unanienda mbio usiku?

Mama Kichanja, Kibirizi
Habari zenu jamani. Mume wangu anavua dagaa, mwaka wa kumi na moja huu. Jioni akishaingia ziwani na taa zao mimi silali. Saa nane usiku nashtuka, moyo mbio, viganja vimelowa jasho, nasikiliza upepo kwenye bati mpaka nisikie injini zinarudi alfajiri.

Hilo nilishalizoea, mke gani wa mvuvi hana hofu? Kilichonitisha ni wiki hii. Ni mbalamwezi, hawaendi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Mume kalala ubavuni kwangu, anakoroma, na saa nane ileile nimeshtuka vilevile. Nikamshika mkono kuhakikisha yupo. Nikalia kimyakimya watoto wasisikie.

Jirani anasema ninunue vidonge vya usingizi duka la dawa. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu, Mwanga
Pole sana mama. Vidonge usinunue bila daktari, vingine mwili unavizoea na kuviacha ni kazi. Umelinda zamu miaka kumi na moja. Saa ikifika mwili unaamka, baba awepo asiwepo. Nenda wakupime presha, wingi wa damu na tezi ya shingo, maana damu ikipungua au tezi ikifanya kazi kupita kiasi, moyo nao hukimbia.

Ukishtuka, kaa. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu hadi sita au saba, dakika tano hivi. Kule kuitoa taratibu ndiko kunakotuliza mapigo. Wengi wanavuta kwa nguvu, wanaishia kupata kizunguzungu. Kahawa je, unakunywa?

Mama Kichanja
Ya Buhigwe, vikombe viwili saa mbili usiku nikianza kusubiri.

Nesi wa Zamu
Ihamishie asubuhi. Saa tano baadaye karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini.

Wifi wa Katonga
Dada, mimi wasiwasi nimeuhamishia mchana. Saa kumi jioni nakagua kwa mikono yangu: jaketi la kujiokolea, mafuta, simu imefungwa kwenye nailoni. Nasikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni. Akishasukuma mtumbwi, langu limekwisha, naenda kwa wenzangu tunachambua dagaa na anayeogopa anasema.

Mumeo anajua lakini? Wangu alikaa miaka sita hajui. Siku hizi akigusa mchanga tu anapiga simu.

Mama Kichanja
Nimemwambia leo asubuhi akiwa anashona nyavu. Aliweka sindano chini, akanyamaza sana. Halafu akasema na yeye, wakishawasha taa kule katikati, huwa anageuka kutafuta taa za huku nchi kavu, akijiuliza kama tumelala salama.

Jumatatu tunakwenda kupima presha wote wawili.