Mpelelezi na walanguzi wa London mwaka 1942: ushahidi utoke wapi?

Mkalamu: Ndugu wanajukwaa, ninaandika riwaya ya upelelezi ambayo matukio yake yanatokea London mwaka 1942. Karani wa ghala anakutwa ameuawa katika nyumba iliyobomolewa na mabomu, na Inspekta anawashuku watu wanaouza sukari, siagi na mkate kwa magendo. Ningependa msomaji amtambue muuaji kwa kufuata ushahidi wa zama zile, badala ya kungoja mtu aungame katika sura ya mwisho. Ushahidi huo ungetoka wapi?

Binti Hamisi: Mkate uuondoe, kwa sababu haukuwekwa kwenye mgao hadi Julai 1946, vita vikiwa vimekwisha. Sukari na siagi zinafaa: mgao wake ulianza tarehe 8 Januari 1940, wakia 12 za sukari na wakia 4 za siagi kwa kila mtu kwa wiki, ingawa viwango vilibadilika baadaye. Kila mlaji alijiandikisha kwa mwenye duka mmoja, naye mwenye duka akapewa bidhaa kulingana na idadi ya walioandikishwa kwake. Kwa hiyo duka lenye wateja wachache ambalo haliishiwi sukari lina jambo la kueleza, na karani wako angeweza kuuawa kwa kuwa aliona hesabu mbili zisizopatana.

Msomaji wa Pangani: Nakubaliana naye, nami naongeza petroli. Kuanzia Julai 1942 wenye magari binafsi waliondolewa mgao wa kawaida, wakabaki wale tu waliothibitisha kuwa safari zao ni za lazima, kama vile madaktari. Gari binafsi linalopita usiku, taa zake zikiwa zimezibwa kwa amri ya giza (kuficha mwanga usiku ili ndege za adui zisiuone), tayari linamtaka Inspekta aulize mafuta yametoka wapi.

Ombi langu ni moja: usiwafanye walanguzi wote kuwa majambazi. Majambazi wa London kama Billy Hill walikuwepo na walitajirika, lakini shehena nyingi zilivuja bandarini, relini na maghalani kupitia mikono ya watu wenye ajira halali, na wanunuzi walikuwa majirani wa kawaida. Shahidi aliyenunua siagi ya magendo hawezi kusema alichokiona bila kujitia hatiani, na ukimya huo, kwangu mimi, una uzito kuliko bastola yoyote.

Mkalamu: Nawashukuru sana. Je, polisi walifanya kazi hii peke yao?

Binti Hamisi: Hapana. Wizara ya Chakula, iliyokuwa chini ya Lord Woolton tangu Aprili 1940, ilikuwa na wakaguzi wake walioingia madukani. Mpe Inspekta mkaguzi mmoja mwenye kujua daftari za mgao. Usikiingize kikosi cha siri cha Scotland Yard, yaani polisi wa London, kilichowaandama walanguzi, maana hicho kilianza kazi mwaka 1946.