Taka zetu Tabata zinaishia wapi?

Mama Tabata: Wakuu, kila mwezi nalipa hela ya taka, gari inakuja, vijana wanabeba viroba, basi. Nimeanza kutenga chupa za maji pembeni, mume wangu ananicheka, eti zote zinakwenda kuchanganywa. Ni kweli?

Mzee wa Skrepa: Mumeo hajakosea sana. Taka nyingi za Dar zinamwagwa dampo la Pugu Kinyamwezi. Ila chupa zinadakwa na waokotaji, njiani au huko huko dampo, halafu zinakuja kwetu mizanini, tunakozipima na kuzinunua. Chupa kavu, isiyo na mafuta ya kula, naichukua. Iliyolala na maganda na pampasi naikataa. Vifuniko weka mbali, ni plastiki ya aina nyingine, haiyeyushwi pamoja na chupa.

Mama Tabata: Na maganda ya ndizi, mchicha uliooza?

Kijana wa Kinyerezi: Hayo ndiyo yanayotia uzito na harufu! Mimi nafukia kwenye migomba. Kiroba changu sasa ni nusu.

Mzee wa Skrepa: Chupa zikanyage ziwe bapa. Kilo haifiki kirahisi, kwa hiyo usihangaike kuuza, mpe yule mama mwokotaji anayepita na kiroba asubuhi.