Eksirei au siti skani? Mzee kavuta sigara miaka mingi

Kijana wa Rujewa
Wakuu, baba ana miaka 66. Kavuta pakiti kwa siku tangu ujana, kaacha juzijuzi tu. Hakohoi, jembe anashika. Nataka apimwe mapafu kabla jambo halijaharibika. Eksirei naimudu, siti skani ni hadi Mbeya mjini na bei imechangamka. Ipi?

Mnyalukolo
Kamwene. Kwa asiye na dalili, eksirei itakupa moyo bure. Inapiga kifua chote kwa mkupuo: mbavu, moyo, mtulinga, vyote vinalaliana na uvimbe mdogo unajificha nyuma. Siti skani inakata vipande kama mkate. Wamarekani walipima wavutaji zaidi ya 53,000. Majibu ya 2011 yalionyesha vifo vya saratani ya mapafu kwa waliopigwa siti skani vilikuwa pungufu kwa 20% kuliko wa eksirei. Ila ombeni ile ya mionzi midogo.

Mama Uyole
Ubaya wake, inaona mno. Utafiti huohuo, karibu picha moja kati ya nne ilitiliwa shaka, na zaidi ya 95% ya hizo hazikuwa saratani. Huko ni Marekani. Kwetu TB inaacha makovu. Shemeji yangu aliambiwa "kuna kitu", miezi mitatu halali. Kurudia: kovu. Mzee aliwahi kuugua TB?

Kijana wa Rujewa
2009. Alimaliza dawa.

Mama Uyole
Basi tafuta filamu ya wakati ule. Wakiona doa ni lilelile na halijakua, presha inashuka.

Chai ya Tukuyu
Msiitupe eksirei jamani. Akianza kukohoa wiki mbili, au damu kwenye makohozi, hiyo siyo kupima mapema tena. Makohozi yapimwe na eksirei ipigwe siku hiyohiyo, asingoje nauli ya siti skani.

Mnyalukolo
Hapo sina ubishi. Ila huyu hakohoi. Na siti skani siyo ya mara moja, wenzetu hurudia kila mwaka. Piga hesabu hiyo kabla hujauza mpunga.

Kijana wa Rujewa
Nimempigia mama kuhusu filamu, kacheka mpaka simu ikakatika. 2016 jua lilipopatwa hapa kwetu, wadogo zangu waliikata vipande wakatazamia. (Macho yao mazima, ila msiige.) Imebaki bahasha ya kaki na karatasi ya majibu: "pafu la kulia, juu".

Mama Uyole
Njoo na hiyo karatasi.