Mto Fraser: mwenyeji aruhusiwe kumla samoni, lakini asimuuze?

MLETA MADA
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Mwaka 1987 mama mmoja wa Wastó:lō, wenyeji wa asili wa Mto Fraser, aitwaye Dorothy Van der Peet, aliuza samoni kumi kwa dola 50 huko British Columbia, Kanada. Akashtakiwa, kwa sababu samaki wale walivuliwa kwa leseni ya kitoweo, si ya biashara. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1996 akashindwa. Majaji wengi walisema kuuziana samaki hakukuwa kiini cha utamaduni wa watu wake kabla Wazungu hawajafika. Majaji wawili walipinga.

Mimi niko na hao wawili. Stó:lō maana yake ni mto. Hawa ni watu waliojiita kwa jina la mto wao. Kampuni ya biashara ya Waingereza, Hudson's Bay, ilipojenga ngome ya Fort Langley kando ya mto huo mwaka 1827, ilianza kununua samoni kwao, ikawatia chumvi kwenye mapipa na kuwapeleka hadi Hawaii. Mahakama ikasema biashara hiyo ililetwa na Wazungu, kwa hiyo haihesabiki. Na huko nyuma, mwaka 1888, kanuni za serikali zilishaamua kwamba mwenyeji avue kwa chakula tu, wakati viwanda vya kusindika samoni vikishamiri mdomoni mwa mto huohuo. Yaani watu waliowalisha Wazungu wa ngome wakazuiwa kuuza kile walichokuwa wakiwauzia. Hilo linaniuma kila nikilisoma.

Sisemi kusiwe na sheria. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, hurudi kutaga alikozaliwa, kisha hufa. Asipofika kwenye mazalia, miaka minne baadaye hakuna wa kurudi. Mahakama ya Juu hiyohiyo, katika kesi ya Sparrow ya 1990, ilishaweka foleni: kwanza wabaki samaki wa kutosha kutaga, pili chakula na mila za wenyeji, ndipo wafuate wavuvi wa biashara na wa burudani. Swali langu ni moja. Samaki akishavuliwa kihalali, ndani ya mgawo, mto unapoteza nini akiuzwa?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, unapoteza kikomo. Tumbo la familia hushiba, soko halishibi. Mahakama yenyewe ililiona hilo mwaka 1996 katika kesi ya Gladstone, iliyohusu Waheiltsuk, wenyeji wengine wa British Columbia, na biashara yao ya mayai ya samaki aitwaye heringi.

Halafu kuna usawa. Agosti 1998 serikali ilizipa jamii tatu za wenyeji saa 24 za kuvua na kuuza peke yao mdomoni mwa Fraser. Wavuvi wengine wa biashara wakaingia majini kwa kupinga, wakashtakiwa, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikawakatalia. Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024, halikufungwa kwa kabila moja likaachwa wazi kwa jingine. Mvuvi mwenye mkopo wa boti naye ana watoto.

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi naogopa hesabu zenyewe. Mwaka 2009 walitarajiwa samoni wekundu zaidi ya milioni 10 kwenye Fraser, wakarudi milioni moja na nusu hivi. Tume ya Jaji Bruce Cohen ikachunguza, na ripoti yake ya 2012 haikumpata mkosaji mmoja. Ila mwaka 2010 walirudi karibu milioni 30! Kwa mto unaoyumba hivyo, ukimwahidi mtu biashara umemwahidi nini?

MLETA MADA
Ndugu wa pili, ndiyo maana mgawo uhesabiwe kwa samaki wanaoonekana kurudi msimu ule, usiwe ahadi ya kudumu ya idadi fulani. Mwaka mbaya, hakuna anayeuza.

Ndugu wa kwanza, nakubali kwamba soko halishibi. Lakini tiba yake ni kuweka idadi na kuhesabu kila samaki anayeshushwa, na hiyo inambana muuzaji yeyote. Kuhusu usawa, hizo zilikuwa saa 24 baada ya zaidi ya miaka mia ya marufuku. Na tusisahau mwaka 1914, mawe ya ujenzi wa reli yalipoporomoka Hell's Gate, sehemu nyembamba ya Mto Fraser, yakaziba njia ya samoni. Wenyeji wa juu ya mto walikosa chakula kwa kosa lisilo lao.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni mahali pa kuvulia. Mdomoni mwa mto koo zote za samoni, kila ukoo na mazalia yake, hupita zimechanganyika, na samoni wa Ziwa Cultus, walio hatarini kutoweka, hunaswa pamoja na wale walio wengi. Ukivua juu, karibu na mazalia, unajua ni ukoo gani ulio wavuni, na walio dhaifu unawaacha wapite. Huko juu ndiko ziliko jamii nyingi za wenyeji. Mngekubali mgawo wa biashara uhamishiwe huko, hata kama nyavu za mdomoni zitapungua?