Tupeane uzoefu: hali yako ya maisha imekufanya uguswe vipi na mabadiliko ya tabianchi hapa Dodoma?

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma pamoja na Serikali. Mvua inapochelewa hadi Januari, mimi hulalamikia mgawo wa maji, ilhali jirani yangu mwenye shamba la mtama Chamwino huwaza atapata wapi mbegu za kupanda upya, kwa kuwa mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua na ukiharibika hakuna vuli ya kutuokoa. Naomba kila mmoja aeleze kipato, umri au umiliki wa ardhi umemfanya aguswe vipi na achukue hatua gani.

Mkulima, Kongwa
Ninatumia kisiki hai: badala ya kung'oa visiki ninaposafisha shamba, huchagua machipukizi machache yenye nguvu, nikapogoa mengine na kufunga kitambaa ili wachungaji wajue kwamba mti huo unatunzwa. Katika ekari nilizorithi kwa marehemu baba, migunga imekwisha kunipita kimo. Katika shamba ninalokodi, mwenye shamba alinikataza, kwa hofu kwamba mwenye kutunza miti kesho atadai ardhi. Basi atakayekuja kuwahesabu wanaojali na wasiojali atanikuta katika makundi yote mawili, tena msimu uleule.

Mama lishe, Majengo
Ninajua miti inakwisha, maana gunia la mkaa linatoka mbali zaidi kila mwaka. Hata hivyo mkaa naununua kwa kopo kulingana na mauzo ya jana, na gesi inataka fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo. Mkakati wa Taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, ila sisi wa kipato cha kila siku tunahitaji kulipa kidogo kidogo. Kikoba chetu kimeanza kununuliana mitungi kwa zamu, na zamu yangu bado.

Mzee, Kondoa
Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, na hilo ninalishuhudia, lakini waliokuwa wakiishi kwa ng'ombe ndio waliobeba gharama. Vijana wakiona wazee tumenyamaza mkutanoni linapotajwa suala la kupanda miti, wasidhani hatujali. Tunasubiri kusikia safari hii atalipa nani.

Mtumishi wa umma
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ndugu wa Kongwa, je, hamwezi kuandikishana mbele ya mtendaji wa kijiji kwamba miti itabaki kuwa ya mwenye shamba?

Mkulima, Kongwa
Nimemwomba mtendaji atukutanishe. Mwenye shamba amekubali kuja, kwa sharti kwamba mkataba utaje pia nani atavuna kuni za matawi.