Kichwa kiligongwa, watu wananiona mzima. Siku mnaiendeshaje?

Fundi_Uzi
Wakuu, habari za jioni. Hii nimeanza kuiandika asubuhi, naandika naacha, kwa hiyo nikirudia jambo mnisamehe.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Mwaka juzi mwezi wa nane nilipanda bodaboda kutoka Msamvu. Helmeti ilikuwa moja, ya dereva, na yenyewe kaining'iniza kwenye usukani. Tukagongwa na pikapu. Hayo yote nimesimuliwa, maana siku ile siikumbuki, na mbili za kabla yake zimefutika pia. Damu ilivilia ndani ya fuvu, nikapelekwa Muhimbili, nikatobolewa upande wa kulia ikatolewa. Mkono umerudi, mguu umerudi, nywele zimeota juu ya kovu. Tangu nywele ziote, kwa watu mimi nimepona.

Sasa sikilizeni. Nampima mteja kifua, 38. Nikigeuka kuchukua daftari, 38 imeshakwenda. Zamani nilikuwa natembea na vipimo vya watu watatu kichwani mpaka nyumbani. Harufu sisikii kabisa: wiki iliyopita nimeunguza satini ya sare ya harusi, nimesimama palepale mezani, mpaka mtoto wa jirani akapiga kelele kwamba moshi. Redio ikilia, cherehani ikilia, na mtu akinisemesha, kichwa kinajaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Ikifika saa sita mchana nimekwisha, hata kutunga uzi kwenye sindano siwezi.

Kinachoniuma ni hasira. Juzi nimemfokea mama mmoja, mteja wangu wa miaka 8, kisa kaniuliza mara mbili gauni litakuwa tayari lini. Kaondoka kimya na kitenge chake.

Siulizi dawa, kliniki naenda. Nauliza wenzangu mliopitia: siku mnaiendeshaje? Na mteja unamwambia kwamba kichwa kina shida, au unanyamaza? Nikisema, naogopa nani atampa kichaa kitambaa chake akate.

mzigua_halisi
Pole dada. Ajali haiji hivihivi, kuna mkono wa mtu hapo. Kuna mzee Handeni alimsaidia mjomba wangu, njoo inbox.

Fundi_wa_Likoni
Pole sana dadangu. Mimi ni mwashi, nilianguka kutoka ghorofa ya pili, mjengo wa huku Mombasa, miaka sita sasa. Nilinyamaza. Nikawa nasahau nimechanganya ndoo ngapi za mchanga kwa mfuko wa simiti, naongeza tena. Msimamizi akaona mimi mlevi, na pombe sijawahi kuionja maishani. Nikafukuzwa. Kwa hivyo kunyamaza nakujua mpaka mwisho wake.

Siku hizi nafanya kazi na mpwa wangu, yeye ndiye anayehesabu. Akili yangu naihesabu kama tokeni za stima: asubuhi zimejaa, kwa hivyo kazi ya kupima na kupiga bei ni kabla ya saa nne. Nikishaswali adhuhuri nalala saa nzima, simu nimezima. Mwanzo nilikuwa naona haya, mwanamume mzima kulala mchana. Nikikosa kulala, jioni nagombana na mpaka paka.

mke_wa_dereva
Dada, mimi nipo upande wa pili, mume wangu ndiye aliyeumia. Nikwambie kitu: wewe unajua kwamba umefoka. Mume wangu mwaka wa kwanza alikuwa hajui, anasema ni sisi tumebadilika. Kwa hiyo hapo umeshapiga hatua.

Vipimo usiviachie daftari, daftari nalo linasahaulika lilipo. Andika kwenye karatasi kabla futi haijatoka mwilini mwa mteja, kisha ibane kwa pini kwenye kitambaa chenyewe. Mpige na picha, yeye na kitambaa chake. Pasi, ukishika tu, weka simu ilie baada ya dakika 5. Redio zima, majirani watazoea.

nesi_mstaafu
Kuhusu harufu: nyuzi za harufu zinatoka puani zinapita kwenye mfupa mwembamba wenye matundu, ndiyo ziingie kwenye ubongo. Kichwa kikigongwa ubongo unatikisika, nyuzi zinakatika. Baada ya mwaka kupita, kurudi ni kwa nadra, kwa hiyo panga maisha bila pua. Kama unapikia gesi, mtungi ukae nje au dirisha lisifungwe, na maziwa yaonjwe na mtu mwingine.

Kifafa kinaweza kuja hata miaka baada ya kuumia. Mkono ukikurukaruka wenyewe, au ukapotelewa na dakika kadhaa, rudi hospitali. Kama umepewa dawa za kifafa usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Kichwa kikianza kuuma kwa namna mpya na kutapika, usisubiri tarehe ya kliniki. Na bodaboda bila helmeti usipande tena, hata kama ni hapo sokoni.

Fundi_Uzi
Nimesoma mara tatu, nimenakili ukutani. Asanteni mno.

Mkuu wa Handeni, nashukuru, ila picha za CT zilishaonyesha aliyeniroga ni pikapu.

Nesi, gesi ilikuwa chumbani. Leo imetoka.

Jana nilimfuata yule mama nyumbani kwake. Nilikuwa nimeandika cha kusema kwenye karatasi, na karatasi nikaisahau, basi nikaongea tu. Nikamwambia mama, nisamehe, pale sikuwa nakufokea wewe, kichwa kilikuwa kimejaa. Akanitazama kwa muda, akauliza, "Kwani bado hujapona?" Nikasema bado. Akasema mbona hukusema, kaka yake alikuwa hivyohivyo baada ya kuanguka kwenye mnazi, wao wakawa wanamwita mkorofi.

Kitenge amenirudishia. Vipimo ameandika mwenyewe, amevibana kwa pini tatu. Ameniambia nishone asubuhi tu, na asiponiona dukani mchana atajua nimelala.

Kiuno kaandika 32. Si 32, wakuu, lakini hilo nitalimaliza kwa futi, kimyakimya.